Jina Kwanza, Dawa Baadaye: Jinsi Maarifa ya Visumbufu vya Mimea Yanavyosafiri

Jani la mmea lina lugha finyu. Likiugua hugeuka njano, na njano hiyohiyo yaweza kuwa njaa ya nitrojeni, maji yaliyotuama kwenye mizizi, utitiri wanaofyonza upande wa chini wa jani, minyoo fundo waliovimbisha mizizi, au virusi vilivyoletwa na nzi weupe. Mambo matano, na kila moja lina tiba yake: mbolea, mfereji, kiuatilifu cha utitiri, kubadilisha zao, na kwa virusi kung'oa mmea, kwa kuwa hakuna dawa ya kunyunyizia inayoponya mmea ulioshikwa na virusi. Mkulima aliyesimama mbele ya jani hilo na bomba mgongoni anabahatisha moja katika tano. Mara nyingi anachonunua ni kile ambacho muuzaji anacho.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linakadiria kwamba hadi asilimia 40 ya mazao ya dunia hupotea kila mwaka kwa sababu ya wadudu na magonjwa, na kwamba magonjwa ya mimea peke yake huugharimu uchumi wa dunia zaidi ya dola bilioni 220 za Marekani. Mtu akisikia takwimu hizo hudhani sayansi bado inahangaika kutafuta majibu. Kwa sehemu kubwa imeshayapata. Kisumbufu kinachomtesa mkulima leo mara nyingi kilimtesa mwenzake wa bara jingine miaka thelathini iliyopita, kikachunguzwa, kikaandikwa, na maandishi yake yapo kwenye rafu fulani. Kinachokwama ni safari: kutoka jani hadi jina, kutoka jina hadi habari, kutoka habari hadi uamuzi wa kesho asubuhi shambani. Na nionavyo mimi, safari hiyo huharibika zaidi pale mwanzoni, kwenye jina, kuliko pale mwishoni ambako watu wengi hupatazama.

Waliomfuata mdudu siye

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mihogo ilianza kudumaa katika maeneo ya Kinshasa na Brazzaville. Ncha za mimea zilijikunja, pingili zikafupika, majani yakapukutika, na juu yake wakaonekana vijidudu vyeupe kana kwamba vimemwagiwa unga. Walikuwa vidung'ata. Muhogo wenyewe si mzaliwa wa Afrika. Uliletwa kutoka Amerika Kusini karne kadhaa kabla. Mdudu naye alikuwa mgeni, tena mgeni aliyefika bila maadui zake. Akaenea katika sehemu kubwa ya nchi zinazolima muhogo, na kwa kuwa zao hilo ndilo akiba ya mamilioni ya watu mvua zinapogoma, hofu ya njaa ilikuwa ya kweli.

Mpango wa kumdhibiti ulikuwa rahisi kuueleza: nenda alikotoka, tafuta kinachomla huko, kichunguze, kilete. Lakini alitoka wapi? Watafiti walipekua Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika Kusini, na huko wakamkuta kidung'ata wa muhogo anayefanana naye kiasi kwamba jicho la kawaida haliwatofautishi. Maadui zake wakakusanywa. Hawakumfaa yule wa Afrika hata kidogo. Uchunguzi wa karibu ukaonyesha kwamba hao ni spishi mbili: yule aliyepatikana kaskazini mwa Amerika Kusini ana madume na majike, ilhali wa Afrika huzaa bila dume, majike watupu kizazi baada ya kizazi. Wa Afrika ni Phenacoccus manihoti. Mwenzake baadaye alipewa jina Phenacoccus herreni.

Mdudu halisi alionekana mwaka 1981 nchini Paraguay, mbali kusini kuliko walikokuwa wakitafuta, na aliyemwona ni Anthony Bellotti, mtafiti wa CIAT, kituo cha utafiti wa kilimo cha kitropiki kilichopo Colombia. Huko akapatikana pia nyigu mdogo kuliko mbu, Anagyrus lopezi, ambaye hutaga yai ndani ya kidung'ata, na buu linapoanguliwa humla mwenyeji wake kutokea ndani. Nyigu hao walipitishwa kwanza karantini nchini Uingereza ili ijulikane kwamba hawabebi balaa jingine, kisha wakapelekwa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, Ibadan, Nigeria, ambako timu ya Hans Rudolf Herren iliwazalisha na kuanza kuwaachilia mwaka huohuo wa 1981. Wakasambaa nchi baada ya nchi, vidung'ata wakapungua hadi kiwango kinachovumilika, na mkulima hakutakiwa kununua chochote. Herren alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Kinachonivutia katika kisa hiki ni ile miaka iliyopotea kwa kumfuata mdudu siye. Hakuna aliyekuwa mvivu wala mjinga. Jina lilikosewa, na kila kilichojengwa juu ya jina hilo kikapinda.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2008 kidung'ata yuleyule aligunduliwa nchini Thailand, nchi ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa bidhaa za muhogo duniani. Safari hii hakuna aliyepekua bara zima. Jina lilikuwepo, adui wake alikuwepo, na kumbukumbu za karantini, za ufugaji wa nyigu na za matokeo ya Afrika zilikuwa zimeandikwa na kuhifadhiwa. Mwaka 2009 nyigu walichukuliwa kutoka kituo cha IITA kilichopo Benin, wakapelekwa Thailand, wakachunguzwa, na mwaka 2010 wakaachiliwa mashambani. Kazi iliyoichukua Afrika karibu muongo mzima ilikamilika ndani ya takriban miaka miwili.

Panzi mmoja, majina mawili

Wakati mwingine kosa la jina ni la upande wa pili: kiumbe kimoja kinapewa majina mawili. Hadi mwaka 1921 wataalamu wengi waliamini kwamba nzige anayehama kwa makundi na panzi fulani mpole anayeishi peke yake ni spishi tofauti. Boris Uvarov, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi London katika ofisi ya uchunguzi wa wadudu, alichapisha mwaka huo hoja kwamba hao ni mmoja: wanaposongamana hubadilika rangi, umbo na tabia. Ufafanuzi huo ukageuza namna ya kupigana na nzige. Badala ya kungoja wingu liingie mashambani, unakwenda jangwani kuwatafuta wapole kabla hawajasongamana. Mfumo wa FAO wa kufuatilia nzige wa jangwani, unaokusanya taarifa kutoka timu zinazozunguka nyikani na kutoka satelaiti zinazoonyesha mvua na uoto, umesimama juu ya wazo hilo.

Hata mfumo mzuri hauoni pasipoonekana. Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu na Luban, vilimwaga maji katika jangwa la Robo Tupu la Uarabuni, nzige wakazaana huko vizazi kadhaa mahali ambapo hakuna mtu wa kuhesabu, na kufikia mwisho wa mwaka 2019 na mwaka 2020 makundi yalikuwa yameifunika Pembe ya Afrika. Kundi la kilomita moja ya mraba laweza kula kwa siku chakula cha watu 35,000.

Lugha za kila siku nazo zina mtego wake. Kiswahili kinasema kutu, ukungu, mnyauko, batobato. Haya ni majina ya kile jicho linachokiona, na kwa mazungumzo ya shambani yanatosha. Lakini mnyauko waweza kuletwa na bakteria, na kuvu, na mchwa, na kiangazi. Mtu akiandika kwamba mnyauko wa mazao yake uliisha baada ya kufanya jambo fulani, msomaji wa mbali hajaambiwa kitu mpaka ajue ulikuwa mnyauko upi. Majina ya Kilatini yanayochosha yapo kwa sababu hiyo, na hata hayo hubadilika. Shirika la ulinzi wa mimea la Ulaya na Mediterania, EPPO, hukipa kila kisumbufu msimbo mfupi usiobadilika, ili kompyuta zisipotee majina yanapobadilishwa. Kiwavijeshi vamizi, ambaye leo huitwa Spodoptera frugiperda, ana msimbo LAPHFR. Zile herufi LAPH ni mabaki ya jina lake la zamani, Laphygma. Ni kama mtu aliyebadili jina ukubwani, lakini waliokua naye wanaendelea kumwita kwa jina la utotoni.

Kwa nini nchi hunyamaza

Jina likishajulikana linapaswa kuwa habari. Hapa sayansi inakutana na biashara.

Wazo kwamba mataifa yaambizane kuhusu visumbufu si geni. Katika karne ya 19 mdudu mdogo wa mizizi aitwaye filoksera alivuka kutoka Amerika Kaskazini akaangamiza mizabibu ya Ufaransa na jirani zake, na mwaka 1881 mataifa kadhaa yakatia saini mkataba huko Bern wa kuzuia usambaaji wake. Mwaka 1951 ukapatikana Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea, ambao sekretarieti yake ipo FAO, Roma, na leo una zaidi ya nchi wanachama 180. Mkataba huo unaitaka kila nchi kutoa taarifa ya kisumbufu kipya kinachotokea ndani ya mipaka yake, pale kinapoweza kuwa hatari kwa wengine.

Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Sasa jiweke kwenye kiti cha ofisa anayeletewa ripoti ya maabara kwamba nzi wa matunda ambaye hajawahi kuonekana nchini amekutwa kwenye mtego mmoja. Akitangaza, wanunuzi wa nje wanaweza kufunga mlango wiki hiyohiyo, na wakulima ambao hawajawahi kumwona mdudu huyo wakakosa soko. Akinyamaza akathibitisha kwanza, anapata muda, na mdudu naye anapata muda. Gharama ya kusema humwangukia msemaji leo; faida ya kusema humwendea jirani kesho. Mpaka mzani huo urekebishwe, kwa mfano kwa kuruhusu biashara iendelee kutoka maeneo yaliyothibitishwa kuwa salama badala ya kuifungia nchi nzima, mawaidha juu ya uwazi hayatafika mbali. Kanuni za kimataifa zinautambua utaratibu huo wa maeneo salama, ila kuyathibitisha kunadai mitego, maabara na watu, vitu ambavyo nchi maskini hupungukiwa navyo.

Visumbufu havisubiri mjadala uishe. Viwavijeshi vamizi, wenyeji wa Amerika, waliripotiwa Afrika Magharibi mapema mwaka 2016. Miaka miwili baadaye walikuwa karibu Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara, mwaka 2018 wakaonekana India, 2019 China, 2020 Australia. Nondo wake huruka hadi kilomita 100 kwa usiku mmoja. Kilichosaidia ni kwamba alama zake zilikuwa zimeshaandikwa kwao: herufi Y iliyopinduliwa kwenye paji la uso wa kiwavi, na madoa manne yaliyopangika mraba karibu na mkia. Alama hizo unaweza kumweleza mtu kwa simu.

Data zilizotolewa kabla ya kuiva

Kuna kisa kimoja ninachokirudia kila mtu anapouliza kama kugawana data mbichi kuna maana yoyote kwa mkulima. Februari 2016 ngano ilianza kukauka masuke nchini Bangladesh: shina la kijani, suke jeupe, ndani hamna punje. Hekta zipatazo 15,000 ziliathirika. Dalili zilifanana na blasti ya ngano, ugonjwa wa kuvu uliotambuliwa kwanza Brazil mwaka 1985 na ambao haukuwa umewahi kulipuka nje ya Amerika Kusini. Lakini kuvu wa jamii hiyohiyo hushambulia mpunga, na Bangladesh imejaa mpunga. Je, huyu alikuwa ametoka kwenye mpunga wa jirani akabadilika, au alikuwa amevuka bahari? Jibu lilikuwa na uzito. Kama ametoka kwenye mpunga, kila nchi inayolima mazao hayo mawili ilikuwa hatarini palepale ilipo. Kama amevuka bahari, ilibidi kuangalia nafaka na mbegu zinazosafirishwa.

Kwa kawaida timu ya watafiti hukaa na data zake mpaka makala yao ichapishwe, jambo linaloweza kuchukua mwaka au zaidi. Timu iliyowahusisha Tofazzal Islam wa Bangladesh na Sophien Kamoun wa Uingereza ilisoma chembe za urithi za kuvu moja kwa moja kutoka kwenye majani yenye ugonjwa, ikaziweka wazi mtandaoni mapema kwa yeyote anayetaka kuzichambua. Wataalamu wa nchi nyingine wakalinganisha na sampuli walizokuwa nazo, na baada ya majuma machache jibu likawa limekaa sawa: kuvu wa Bangladesh ni ndugu wa karibu wa wale wa ngano wa Amerika Kusini. Alikuwa amesafirishwa. Ugonjwa huo ukaonekana Zambia mwaka 2018, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba kuvu wa huko na wa Bangladesh ni wa ukoo mmoja.

Mkulima wa ngano hakuisoma ile data, wala hakuhitaji kuisoma. Alihitaji aina za ngano zenye ukinzani, na wazalishaji wa mbegu hawawezi kuzijaribu aina hizo kwa uhakika mpaka wajue wanapambana na kuvu yupi.

Kwenye kutu ya ngano, ugonjwa mwingine wa kuvu, kazi ya namna hii imekuwa ya kila msimu. Aina ya kutu ya shina iitwayo Ug99, ambayo jina lake linatokana na Uganda ilikoonekana na mwaka 1999 ilipobainishwa, ilivunja ukinzani uliokuwa ukitegemewa katika sehemu kubwa ya ngano ya dunia. Tangu hapo sampuli za majani na mashina hutumwa kutoka nchi nyingi kwenda maabara chache zilizoidhinishwa, mojawapo ikiwa Denmark, na aina mpya za mbegu hupandwa Njoro, Kenya, ili zikutane na kutu hiyo uso kwa uso. Ethiopia imekwenda mbele zaidi: taarifa za wakaguzi wa mashambani zinaunganishwa na utabiri wa upepo unaopeperusha vumbi la kuvu, na onyo linatumwa kabla ugonjwa haujaonekana kwa macho. Huduma hiyo imejengwa kwa ushirikiano wa watafiti wa Ethiopia, wa kituo cha utafiti wa mahindi na ngano cha CIMMYT, wa Chuo Kikuu cha Cambridge na idara ya hali ya hewa ya Uingereza.

Karatasi ya kijani na njano

Turudi kwenye jani letu la njano. Tuseme jina limepatikana na habari imeenea. Mkulima bado hana la kufanya, kwa sababu makala ya kisayansi haiandikwi kwa ajili ya kumwambia afanye nini kesho. Zaidi ya hayo, majarida mengi ya utafiti hulipiwa. Mpango wa AGORA, ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya FAO, huzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo fursa ya kuyasoma bure au kwa bei nafuu, na hilo limewafaa sana watafiti na walimu. Lakini kati ya jarida na shamba bado kuna bonde.

Njia mojawapo ya kulivuka ni kliniki ya mimea. Ni meza, mwavuli au kivuli cha mti, karibu na soko au mahali watu wanapopita, na afisa ugani aliyefunzwa kutambua dalili. Mkulima analeta mmea mgonjwa, anahojiwa kama mgonjwa anavyohojiwa, anaondoka na ushauri ulioandikwa. Kliniki za namna hii zilianza kujaribiwa Bolivia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha CABI, shirika la kimataifa la sayansi ya kilimo, likazieneza kupitia mpango wa Plantwise ulioanzishwa mwaka 2011, ukafika zaidi ya nchi 30. Si huduma ya watu wengi kwa mpigo. Meza moja huhudumia wakulima wachache kwa siku, na anayeipima kwa idadi ataiona ni ya ghali. Thamani yake nyingine haionekani mezani: kila shauri linaandikwa, zao gani, dalili gani, wapi, lini, na kumbukumbu hizo zikikusanywa kitaifa zinaweza kuonyesha kisumbufu kipya kikiingia kabla mtafiti yeyote hajakwenda kukitafuta. Yaani mkulima anayeuliza swali ndiye anayetoa taarifa. Wengi wanaozungumza juu ya kuwapelekea wakulima maarifa wanausahau mkondo huo unaokwenda upande wa pili.

Maafisa hao hutumia karatasi fupi za uamuzi, kila moja ya kisumbufu kimoja katika nchi moja, zilizogawanywa kwa rangi. Sehemu ya kijani ina mambo yasiyodai tahadhari kubwa: kupanda mapema, kung'oa mimea iliyougua, kuokota viwavi, kutumia mbegu safi, kulinda wadudu marafiki. Sehemu ya njano ina viuatilifu vilivyosajiliwa katika nchi husika, pamoja na kiasi na masharti yake. Sumu zilizo kwenye daraja la hatari kubwa zaidi la Shirika la Afya Duniani haziandikwi kabisa. Nadhani kitu chenye akili zaidi kwenye karatasi hizo ni kwamba huandikwa na wataalamu wa nchi yenyewe. Ushauri wa kigeni uliotafsiriwa neno kwa neno unaweza kumtuma mkulima akatafute dawa isiyouzwa kwao, au asubiri msimu wa baridi usiokuwepo.

Pale sayansi inaposema usinyunyizie

Kuna maarifa magumu kuyauza, nayo ni yale yanayomwambia mtu aache kufanya jambo. Indonesia ilijitosheleza kwa mchele mwaka 1984, na viuatilifu vilikuwa sehemu ya mkakati wake, serikali ikilipia sehemu kubwa ya bei yake. Kisha akaja mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza mashina ya mpunga mpaka shamba likauke kama lililoungua. Kadiri watu walivyonyunyizia ndivyo alivyozidi. Sababu ikaja kueleweka: dawa ziliwaua buibui na wadudu wengine wanaomla, ilhali mayai yake yamefichwa ndani ya mashina, hayaguswi. Yakianguliwa, hakuna adui. Mdudu mwenyewe akaanza pia kuwa sugu.

Novemba 1986 Rais Suharto alitoa amri iliyopiga marufuku bidhaa 57 za viuatilifu kwenye mpunga, na katika miaka iliyofuata ruzuku ya viuatilifu ikaondolewa. Amri peke yake isingetosha, maana huwezi kumwambia mtu aweke bomba chini huku anaona wadudu shambani mwake. Mwaka 1989 zikaanza shamba darasa: wakulima wanakutana kila wiki msimu mzima kwenye kipande kimoja cha mpunga, wanahesabu wadudu, wanachora wanachokiona, wanabishana, wanaamua. Zoezi maarufu ni kumfungia buibui na wadudu kadhaa wa mpunga ndani ya chombo chenye wavu na kurudi kesho yake kuhesabu waliobaki. Anayehesabu ni mkulima mwenyewe, na matokeo ni yake. Mtindo huo umenakiliwa duniani kote, ndio msingi wa kinachoitwa udhibiti husishi wa visumbufu. Sehemu nyingine umenakiliwa kwa jina tu: mtaalamu anahutubu, wakulima wanakaa kwenye viti, kisha picha inapigwa.

Simu inayotambua majani

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tuhangaike na meza na viti ilhali simu inaweza kupiga picha jani na kulitaja. Zipo programu za namna hiyo, na baadhi zinasaidia. Nuru ya PlantVillage, iliyoanza na magonjwa ya muhogo, hufanya kazi hata bila intaneti. Lakini tahadhari iliandikwa mapema na watafiti wenyewe. Mwaka 2016 kundi lililoifunza kompyuta kwa picha 54,306 za majani ya aina 14 za mazao liliripoti usahihi wa zaidi ya asilimia 99 kwenye picha za mkusanyiko uleule. Programu hiyohiyo ilipopewa picha zilizotoka kwingine, usahihi ulishuka hadi takriban asilimia 31. Picha za mafunzo zilikuwa za jani moja moja, juu ya mandhari tulivu. Shambani kuna kivuli, vumbi, mkono uliotetemeka, na magonjwa mawili kwenye jani moja.

Vyanzo vingine vya tatizo havionekani kwa kutazama jani. Mwaka 2011 mahindi yalianza kufa Kenya kwa ugonjwa uliokuja kujulikana kuwa kazi ya virusi viwili vikikutana ndani ya mmea mmoja. Hilo lilithibitishwa maabara. Minyoo fundo wapo mizizini. Bungua yumo ndani ya shina. Kamera haioni hapo, na programu isiyojua kusema "sina hakika" itakutajia jina la karibu kwa ujasiri uleule.

Kwa hiyo mkulima anayetaka maarifa ya dunia yamfae hana budi kuyalisha vizuri. Akipeleka mmea, aupeleke mzima pamoja na mizizi na udongo kidogo, si jani lililokwisha kukauka. Kwenye mmea uliokufa huotea kuvu wa kila aina ambao hawakuhusika na kifo. Achukue mmea ulio katikati ya kuugua, na mwingine mzima wa kulinganisha. Sampuli aifunge kwenye karatasi, maana ndani ya nailoni itaoza. Kabla ya kuondoka asimame atazame shamba zima: wagonjwa wamekaa viraka viraka, wameanzia ukingoni, wamefuata mstari wa maji, au wametapakaa kote sawasawa? Kinachotapakaa sawasawa kwa siku moja mara nyingi si kiumbe hai, ni kosa la mbolea au kiuagugu kilichobaki kwenye bomba. Na aseme ukweli juu ya alichokwisha kunyunyizia, hata kama alipewa kwenye chupa isiyo na lebo. Afisa wa kliniki atakuwa ameshaisikia habari ya chupa hiyo mara nyingi, na asipoambiwa ataanza kutafuta ugonjwa kwenye madoa ambayo ni ya dawa.